Mada ya tasnifu ya uzamili: uongozi wa shule, elimu ya watu wazima au lugha kazini?

Mwalimu wa Milimani (muuliza swali)

Shikamooni wakubwa zangu, na salamu kwa wenzangu mnaoandika tasnifu.

Mimi ni mwalimu wa shule ya msingi katika wilaya moja ya milimani mkoani Tanga. Nilipata ruhusa ya masomo na sasa niko mwaka wa pili wa shahada ya uzamili katika uongozi na usimamizi wa elimu. Masomo ya darasani nimeyamaliza, imebaki tasnifu, na hapo ndipo nilipokwama.

Nilimpelekea msimamizi wangu mada tatu. Ya kwanza inahusu mitindo ya uongozi ya walimu wakuu na uhusiano wake na matokeo ya darasa la saba. Ya pili inahusu madarasa ya elimu ya watu wazima yanayofanyikia katika majengo ya shule za msingi, hasa vikundi vya MUKEJA, ambavyo vinachanganya kisomo na miradi midogo ya kujipatia kipato. Ya tatu inatokana na kazi niliyowahi kuifanya wakati wa likizo, ya kuwafundisha Kiingereza wahudumu wa hoteli jioni baada ya zamu zao. Msimamizi alizisoma na kuandika neno moja pembeni ya kila mada: "Pana."

Tatizo la pili linanisumbua zaidi. Nilitafsiri hojaji ya Kiingereza kuhusu uongozi wa shule na ushiriki wa jamii, nikaijaribu kwa wazazi wachache wa shule moja. Palipoulizwa "Unauelezaje mchango wa jamii katika maendeleo ya shule yako?", karibu wote walijibu kuhusu fedha, na mzazi mmoja aliniuliza kwa ukali kidogo kama nimetumwa kurudisha michango. Palipokuwa na vipengele vya kuchagua, kuanzia "Sikubali kabisa" hadi "Nakubali sana", wazee walichagua "Nakubali" mstari baada ya mstari, na mmoja akaniambia nimjazie mwenyewe kwa kuwa mimi ni mwalimu na ninajua jibu.

Ninaomba ushauri katika mambo mawili: nichague mada ipi, na hojaji hii niirekebishe au niitupe?

Msimamizi wa Tasnifu

Mwalimu, pole kwa yaliyokupata, lakini hongera kwa kuyaona mapema. Wapo wanafunzi ambao hupata majibu kama hayo, wakayaingiza kwenye kompyuta, wakatoa majedwali mazuri na kuandika kwamba wazazi wengi "wanakubali" kuwa uongozi wa shule ni bora, na hakuna aliyewauliza kitu.

Nianze na mada ya kwanza kwa sababu ndiyo inayopendwa kuliko zote, na kwa maoni yangu ndiyo yenye mtego mkubwa. Matokeo ya darasa la saba yanatolewa hadharani na Baraza la Mitihani, kwa hiyo mtafiti huyaona kama data iliyokwisha kuiva, inayosubiri kupakuliwa tu. Sasa jiulize mwalimu mkuu unayempima alifika lini katika shule hiyo. Walimu wakuu huhamishwa, wengine hupandishwa kuwa maafisa elimu kata, wengine hurudishwa darasani. Mtoto aliyefanya mtihani mwaka huu ameishi shuleni hapo miaka saba, na pengine amepita mikononi mwa walimu wakuu watatu. Ukichukua shule tano, ukawapa walimu hojaji inayouliza kama mkuu wao ni wa kidemokrasia au wa kiimla, kisha ukaweka alama za mtihani upande wa pili, hutakuwa umepima uhusiano wowote. Shule tano hazitoshi kwa hesabu ya namna hiyo, na walimu waliojaza hojaji katika ofisi ambayo mkuu huyohuyo anaingia na kutoka watakuwa wamejaza kwa tahadhari.

Simaanishi kwamba uongozi wa shule hautafitiki. Unatafitika vizuri sana mtafiti anapoacha kuuliza "ni mtindo gani" na kuanza kuuliza "ni uamuzi gani, ulifanywa na nani, lini, na nani hakuwepo". Kamati ya shule ina mihtasari ya vikao. Daftari la wageni lipo. Taarifa ya mapato na matumizi hubandikwa ukutani, au haibandikwi, na kutobandikwa nako ni data.

Kuhusu maneno ya hojaji yako, angalia neno "uongozi" lenyewe. Katika vitabu unavyosoma chuoni, maana yake ni kazi ya kuongoza. Kijijini, mtu akisema "uongozi umekuja", anamaanisha mwenyekiti, mtendaji na wajumbe wameshuka kwenye gari. Ukimuuliza mzazi "Unauonaje uongozi wa shule hii?", kwake umeuliza anawaonaje watu fulani anaowajua kwa majina, anaokutana nao msikitini, kanisani na sokoni, na ambao jirani yake mmoja ni shemeji yao. Kwa swali hilo kila mwenye busara atajibu "Wako vizuri". "Usimamizi" nao utamkumbusha mtu mtihani, na "utawala" utamkumbusha serikali. Hakuna kamusi itakayokuokoa hapo, kwa sababu tafsiri yako si mbaya kisarufi. Hojaji itupe, na majibu ya majaribio uyahifadhi.

Mwalimu Mkuu Mstaafu

Marahaba, mwanangu. Mimi si msomi wa uzamili, lakini nimekaa kwenye kiti hicho cha mwalimu mkuu miaka mingi, na nataka kulisemea hilo neno "mchango" lililokuponza.

Wazazi hawakukosea. Ulipata jibu la swali uliloliuliza. Katika Kiswahili chetu mchango ni kile kinachotoka mfukoni: wa harusi, wa msiba, wa madawati, wa mlinzi. Ile maana ya pili, ya mtu kutoa mawazo au kuwa na sehemu katika jambo, ipo, lakini ni ya mikutanoni na magazetini. Juu ya hayo, neno hilo lina historia shuleni. Waraka wa Elimu Namba 5 wa mwaka 2015 ulifuta ada na michango ya lazima katika elimu ya umma hadi kidato cha nne, utekelezaji ukaanza Januari 2016. Baada ya hapo mwalimu mkuu aliyetamka neno mchango mbele ya wazazi alikuwa anacheza na kazi yake. Mzazi aliyekuuliza kama umetumwa kurudisha michango alikuwa anakumbuka vizuri kuliko unavyodhani.

Kama unataka kuelewa uongozi wa shule, fuata fedha ndogo. Ruzuku ya uendeshaji wa shule ya msingi iliwekwa kuwa shilingi 10,000 kwa mwanafunzi kwa mwaka, na kati ya hizo 4,000 zilibaki juu kwa ajili ya vitabu, kwa hiyo zilizoshuka shuleni zilikuwa 6,000. Chukua shule yenye watoto 400. Hiyo ni shilingi 2,400,000 kwa mwaka, yaani 200,000 kwa mwezi, ya chaki, karatasi za mitihani, ukarabati na michezo. Ni kiasi kilekile kilichowekwa kuwa posho ya madaraka ya mwalimu mkuu kwa mwezi. Sisi tulikuwa tunataniana kwamba shule nzima na mkuu wake wanalipwa sawa.

Sasa choo kikibomoka, mwalimu mkuu anafanya nini? Hawezi kulazimisha michango, hawezi kusubiri ruzuku, na hawezi kuwaambia wasichana wa darasa la saba wavumilie. Anakwenda kwa mwenyekiti wa kamati, wanazungumza jioni, mwenyekiti anakwenda kwa mwenyekiti wa kijiji, na mkutano unapoitishwa jambo limeshaamuliwa. Wazazi wanaleta mawe na mchanga "kwa hiari". Hapo kuna uongozi, na kuna jamii, na hakuna hata kimoja kinachoonekana kwenye hojaji yako. Mihtasari ya vikao ambayo Msimamizi ameitaja isome, lakini isome ukijua kwamba mingine iliandikwa siku ya ukaguzi.

Mkufunzi wa Lugha, Unguja

Assalaam alaykum. Nami nichangie, bila ya fedha, kuhusu mada ya tatu, kwa kuwa ndiyo kazi yangu. Nimefundisha Kiingereza wafanyakazi wa hoteli za Nungwi na Paje kwa miaka kadhaa, na kila mwaka napokea wanafunzi wa vyuo wanaotaka kutafiti "changamoto za lugha kazini". Wengi wao huja na mtihani wa sarufi, wakaupima umahiri wa mpokea wageni na wa mtandika vitanda kwa karatasi ileile.

Kazi mbili hizo zina lugha mbili. Mpokea wageni anahitaji kusikiliza malalamiko, kueleza bili, kukataa ombi bila ya kuudhi. Mtandika vitanda anahitaji sentensi chache sana, lakini anazihitaji akiwa peke yake ukumbini na mgeni amesimama mbele yake. Utafiti wa mafunzo ya lugha kazini huanza kwa kukaa mahali pa kazi na kuandika nani anasema nini na nani, kabla ya kuuliza mtu amesoma hadi wapi. Wengi wa wanafunzi wangu wamemaliza kidato cha nne, yaani wamefundishwa masomo mengi kwa Kiingereza miaka minne, lakini Kiingereza chenyewe kimelala. Nikikaa nao peke yao kinaamka. Meneja akipita kinalala tena. Mara nyingi meneja ananiambia "hawa hawajui lugha", nami ninaona watu wanaoogopa kukosea mbele ya anayepanga zamu. Kwa hiyo Mwalimu, mada yako ya kwanza na ya tatu hazikuachana mbali kama unavyofikiri.

Nikupe mfano mmoja ninaoupenda. Mgeni anajikwaa kwenye ngazi, mhudumu anamwambia "sorry". Kwa mhudumu, hiyo ni "pole", neno la huruma ambalo haliwezi kukosekana kinywani mwa mtu aliyelelewa. Mgeni anasikia kukiri kosa, na anaanza kueleza kwa upole kwamba hakuna aliyemsukuma, au, akiwa mkali, anakwenda mapokezi kulalamikia ngazi. Hakuna mtihani wa sarufi unaoweza kulipata tukio hilo.

Hata hivyo, nakushauri mada hii usiichukue. Hoteli itakukubalia wiki moja, kisha msimu wa wageni utaanza na utaambiwa urudi mwezi wa nne, wakati hakuna mgeni wala tukio la kuandika. Pia unasoma uongozi wa elimu; jopo la watahini litakuuliza isimu, na utajikuta unajitetea nyumbani kwa watu.

Hapa kwetu tunasema skuli, na kibali cha utafiti cha Zanzibar si kile cha Bara. Nalisema mapema kwa wale wanaodhani barua moja inavuka bahari.

Mwanafunzi wa Uzamili, Kisumu

Nawasalimu kutoka ng'ambo ya mpaka. Nina nyongeza fupi tu. Kwetu "mchango" unaleta harambee mawazoni papo hapo, hivyo mtego huo haukuanzia Tanga. Nilipokuwa nikihoji wajumbe wa bodi za usimamizi wa shule, zile zilizowekwa na Sheria ya Elimu ya Msingi ya mwaka 2013, niliacha kabisa nomino za namna hiyo na nikauliza kwa vitenzi: "Mara ya mwisho ulifika shuleni kwa jambo gani? Nani alikuita? Ulisema nini? Walifanya ulivyosema?" Mahojiano yaliyokuwa ya dakika kumi yakawa ya saa nzima.

Jambo la pili ni ratiba ya vibali. Kibali cha NACOSTI, tume ya taifa ya Kenya inayotoa vibali vya utafiti, nilikipata mtandaoni, lakini bado ilibidi nipite kwa wakuu wa elimu wa kaunti, na mwishoni chifu ndiye aliyenifungulia mlango kwa kunitambulisha kwenye baraza. Ubaya wake ni kwamba baada ya kutambulishwa na chifu, kila mtu aliniona kama mtu wa chifu. Nililazimika kurudi siku nyingine bila yeye, kwa bodaboda, nikiwa na vumbi la kutosha.

Mwalimu wa Milimani

Nawashukuru sana. Nimewasoma mara mbili, na jana jioni nilikaa na daftari nikafuta mambo mengi.

Mada ya tatu nimeiacha, kwa masikitiko. Ya kwanza nimeiacha bila masikitiko. Ninakwenda na ya pili, lakini nimeibana: nitachukua shule mbili za msingi ambazo darasa la watu wazima linafanyikia katika majengo yake, na nitatafiti namna mwalimu mkuu, kamati ya shule na wanakisomo wenyewe wanavyoamua mambo matatu tu, ambayo ni chumba, muda na mwezeshaji. Nani anashika ufunguo wa darasa saa kumi jioni? Madawati ya watoto wa darasa la pili yanakaliwaje na mama wa miaka hamsini? Mwalimu anayefundisha watu wazima baada ya vipindi vyake anapangwa na nani, na asipofika nani anamuuliza? Nimegundua kwamba katika maswali hayo madogo uongozi wa shule na elimu ya jamii vinakutana bila mimi kuvilazimisha.

Bibi yangu alijifunza kusoma katika kisomo cha miaka ya 1970, na hadi leo anakumbuka kukaa kikundi kimoja na majirani kuisikiliza redio wakati wa kampeni ya Mtu ni Afya ya mwaka 1973, kisha wakatoka kwenda kuchimba vyoo. Nikimwambia ninatafiti elimu ya watu wazima ananiuliza redio iko wapi. Sijui kama swali lake linaingia kwenye tasnifu, lakini limekaa kichwani.

Limebaki swali moja. Mahojiano yatakuwa ya Kiswahili, na kwa wazee wengine Kisambaa, nami nitaandika kwa Kiingereza kwa sababu chuo kinataka hivyo. Nitawanukuu vipi bila kuwapotosha?

Msimamizi wa Tasnifu

Sasa una utafiti. Shule mbili zikuogopeshe kidogo tu. Mtahini atauliza kwa nini mbili, nawe utamjibu kwamba ulitaka kukaa katika kila moja muda wa kutosha kuona mlango ukifunguliwa na kufungwa. Hilo la redio liingize kwenye usuli. Kampeni ile ilikusanya takribani watu milioni mbili katika vikundi vya kusikiliza na kujadili, na usomi wetu wa elimu ya watu wazima umeizungumza kwa miongo. Msomaji wa tasnifu yako anapaswa kujua kwamba wazee unaowahoji wamewahi kuona elimu ya jamii ikiwa shughuli ya taifa zima, kabla ya kuiona ikiomba ufunguo.

Kuhusu nukuu: fanya uchambuzi wako wote kwenye maandishi ya Kiswahili, na utafsiri mwishoni, yale tu utakayoyanukuu. Katika matini weka maneno ya asili kwanza na tafsiri chini yake. Mpe mtu mwingine tafsiri zako azirudishe kwenye Kiswahili bila kuona asili, halafu mkae mlinganishe. Neno kama "mchango" liache lilivyo katika sentensi ya Kiingereza, ulieleze mara moja mwanzoni, na usilitafsiri tena. Kwa Kisambaa, ukitumia mkalimani, mkalimani huyo asiwe mjumbe wa kamati wala ndugu wa mwalimu mkuu.

Lipo jambo jingine dogo ambalo wanafunzi wengi hawalioni hadi wanapoanza kutafsiri. Watu wetu hupenda kutumia kauli za kutendwa na kutendeka katika kusimulia: "tuliambiwa tulete mawe", "ilionekana darasa lihamie kanisani", "ikaamuliwa". Nani aliambia? Nani aliona? Nani aliamua? Kiswahili kinamruhusu mtu kumficha mtenda bila kusema uongo, na mara nyingi anafichwa kwa heshima au kwa hofu. Wewe unayetafiti uamuzi, kila unapokutana na sentensi ya namna hiyo, simama. Usiulize "nani alisema?" kwa sauti ya polisi. Uliza "mlikuwa mmekaa wapi siku hiyo?", na mtenda atajitokeza mwenyewe katika masimulizi.

Barua za ruhusa zianze sasa: chuo, kisha Katibu Tawala wa Mkoa, kisha wilaya na halmashauri, ndipo ushuke kwa afisa elimu kata na shuleni. Usifike shuleni ukiwa na barua ya juu kabisa peke yake mkononi. Hiyo humfanya mwalimu mkuu avae koti na kuanza kujibu kama anajibu ukaguzi.

Mwalimu Mkuu Mstaafu

Mwanangu, nyongeza ya mwisho kutoka kwa mtu aliyewahi kuwa na ufunguo huo. Usipange kwenda wakati wa masika, Machi hadi Mei. Milimani kwenu barabara zitateleza, na wanakisomo watakuwa shambani, utakuta darasa la watu watatu na utaandika kwamba wananchi hawana mwamko. Nenda watu wakiwa wamevuna. Na siku ya kwanza fika saa kumi kasoro, ukae nje na wanaosubiri mlango ufunguliwe. Hapo barazani utasikia mengi kabla hujawasha kinasa sauti chako, na hayo uyaombee ruhusa kabla ya kuyaandika.